Mwanafunzi Hawezi Kukataa, Kwa Hiyo Akatae Mwalimu

(Hotuba kwa semina ya walimu kuhusu matumizi ya zana za mtandaoni darasani)

Walimu wenzangu, wakuu wa shule, na wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie faragha ya wanafunzi. Mwandaaji alinidokeza kwamba mada hii ina sifa ya kulaza watu, hasa ikianza na vifungu vya sheria. Sheria nitazifikia, lakini kwa kifupi. Nianze na fomu.

Mwalimu amepata programu nzuri ya mazoezi ya hisabati. Ni ya bure, ina rangi, watoto wanaipenda. Anawaambia wafungue, wajisajili, waanze. Hebu leo tuisome ile fomu ya kujisajili polepole, maana darasani haisomwi na yeyote, mwalimu akiwemo.

Inaanza na jina la kwanza na la mwisho. Inafuata tarehe ya kuzaliwa. Jinsia. Barua pepe. Namba ya simu ya mzazi. Jina la shule na darasa. Kisha kuna sehemu ya picha: imeandikwa kwamba ni hiari, lakini wameweka duara lenye kivuli cha kichwa kisicho na uso, na mtoto hapendi kubaki kivuli wakati jirani yake ameshaweka sura. Chini kabisa kuna kisanduku cha kukubali vigezo na masharti. Akimaliza, simu inaanza maswali yake: uruhusu kamera? Uruhusu maikrofoni? Uruhusu programu ijue ulipo? Ione namba ulizohifadhi? Mtoto anabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kwa sababu mwalimu amesema waingie na wenzake wameshafika swali la tatu.

Sasa niwaulize: kuzidisha sehemu kunahitaji nini katika hayo yote? Kunahitaji programu imtofautishe mtoto huyu na yule ili mwalimu ajue nani amekwama wapi. Basi. "Mwanafunzi 14" ingetosha. Jina la kubuni ambalo mwalimu amelitoa, akabaki na orodha ya majina halisi kwenye daftari lake, lingetosha. Maikrofoni haina kazi katika hesabu za sehemu. Namba ya simu ya mzazi haina kazi, isipokuwa kama kuna mtu anapanga kumpigia.

Najua kuna anayesema moyoni: tarehe ya kuzaliwa ina siri gani, mbona watoto wanaitangaza wenyewe? Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kwamba ukiwa na vitu vitatu tu, yaani msimbo wa posta, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa, unaweza kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa takriban asilimia 87 ya wakazi wa nchi ile. Bila jina. Kwa hiyo kampuni inapotuambia "msijali, majina tunayaondoa", swali letu linalofuata ni wamebakiza nini. Na kuna jambo jingine kuhusu tarehe ya kuzaliwa: nenosiri likivuja linabadilishwa, laini ya simu inabadilishwa, lakini siku uliyozaliwa huna pa kuibadilisha. Ikishatoka, imetoka na mtoto huyo mpaka uzee wake.

Mtanijibu kwamba mtoto alibonyeza "nakubali", na pengine mzazi wake alitia saini karatasi mwanzoni mwa mwaka. Hapa ndipo ninapotaka tutulie.

Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya Sweden iliitoza faini manispaa ya Skellefteå, krona 200,000. Shule moja ya sekondari huko ilikuwa imejaribu kamera za kutambua nyuso ili kuchukua mahudhurio. Jaribio lilihusu wanafunzi 22, kwa wiki tatu. Shule ilijitetea kwamba walikuwa wameridhia. Mamlaka ikasema ridhaa hiyo haina uzito, kwa sababu kati ya mwanafunzi na shule nguvu hazilingani. Anayekuomba ridhaa ndiye anayekupa alama, ndiye anayeandika ripoti, ndiye anayeamua kama utapanda darasa. Utamkataliaje?

Naomba mkae na hoja hiyo, maana mengine yote nitakayosema leo yanatokana nayo. Mtu mzima akiona programu inamuuliza mno, anaifuta. Mwanafunzi hana mlango huo. Akikataa kujisajili, hana zoezi. Asipokuwa na zoezi, hana alama. Na mzazi naye, akiletewa karatasi inayosema "mwanao atatumia majukwaa mbalimbali ya kidijitali kwa ajili ya masomo", atie saini au mtoto akae pembeni, hajaulizwa kitu. Ametaarifiwa. Kwa hiyo kama kuna mtu katika chumba kile mwenye uwezo halisi wa kusema hapana, ni mwalimu. Asiposema yeye, jibu la darasa zima limeshakuwa ndiyo kabla mtoto wa kwanza hajawasha kifaa.

Nalisema hili nikijua kwamba hakuna aliyetuajiri kwa kazi hiyo. Wala sikubaliani na makampuni yanayotaka kututwisha mzigo wao. Chukueni mfano wa Edmodo, jukwaa lililopendwa sana na walimu duniani. Mwaka 2017 wadukuzi waliiba taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 za watumiaji wake. Halafu mwaka 2023, wakati jukwaa lenyewe limeshafungwa, Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini halali ya wazazi na kuzitumia kwa matangazo; adhabu ilikuwa dola milioni 6. Kilichonivutia katika shauri hilo ni jambo moja: tume ilisema kampuni ilikuwa imewasukumia walimu na shule wajibu wa kutafuta idhini ya wazazi, tena kwa maelezo yaliyofichika ndani ya masharti. Mwalimu alidhani anagawa kazi ya nyumbani, kumbe kwenye karatasi za kampuni yeye ndiye aliyetakiwa kutimiza sheria kwa niaba yao.

Na msidhani Edmodo ni mkosaji wa peke yake. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wa zana za kujifunzia zaidi ya 160 ambazo serikali za nchi 49 zilizipendekeza shule zilipofungwa wakati wa janga la korona. Katika zana hizo, asilimia 89 zilionekana kufanya mambo yanayohatarisha au kuvunja haki za watoto. Nyingi zilikuwa zikiwafuatilia na kupeleka taarifa zao kwa kampuni za teknolojia ya matangazo. Mtoto anaingia kusoma sayansi, na nyuma ya ukurasa kuna vidakuzi na vifuatiliaji vinavyoandika amefungua nini, kwa muda gani, kwa kifaa gani. Zilikuwa zana zilizopitishwa na wizara. Kwa hiyo "imependekezwa na wakubwa" ni mwanzo wa maswali, isiwe mwisho wake.

Tuje kwenye muda. Sisi walimu tunafikiri kwa mihula. Mhula ukiisha, tumeshasahau tulitumia nini. Seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza data, haisahau. Desemba 2024 mdukuzi aliingia katika mfumo wa PowerSchool, kampuni inayohifadhi kumbukumbu za wanafunzi wa shule nyingi sana za Marekani na Kanada, kwa kutumia taarifa za kuingilia zilizoibwa. Bodi ya shule za Toronto ilipokagua kilichochukuliwa, ikakuta kumbukumbu za wanafunzi waliosoma kuanzia mwaka 1985. Hebu pigeni hesabu: aliyekuwa darasani mwaka huo leo ni mtu mzima mwenye mvi. Kampuni ilimlipa mdukuzi ili data ifutwe. Miezi michache baadaye baadhi ya bodi za shule zikapokea vitisho vipya vya kudaiwa pesa kwa data ileile. Mimi sioni sababu ya shule kuweka kwenye mfumo ulio mtandaoni mambo ya mtu aliyemaliza shule miongo minne iliyopita. Kumbukumbu ambazo zingekuwa zimefutwa zisingeibika.

Lakini nisiwape wadukuzi sifa wasizostahili. Siri nyingi za wanafunzi hazivujishwi na mtu mwenye kofia nyeusi gizani. Tunazivujisha sisi, mchana kweupe, kwa nia njema kabisa.

Kuna lile kundi la WhatsApp la darasa. Mwalimu anapiga picha karatasi ya matokeo, wa kwanza hadi wa mwisho, majina kamili, na anaituma ili "wazazi wajue". Wazazi wamejua. Na shangazi wa mtoto mwingine amejua, na kijana wa jirani aliyeazimwa simu amejua, na mtoto wa mwisho amejua kwamba wote wanajua. Picha hiyo haiwezi kurudishwa. Anayeifuta anafuta iliyo kwenye kundi, iliyokwisha kuhifadhiwa kwingine iko palepale. Isitoshe, kila aliyemo kwenye kundi anaziona namba za simu za wenzake, na pale tulipowaingiza wanafunzi wenyewe, tumegawa namba za watoto kwa watu wazima tusiowajua vizuri. Kama ni tangazo tu, tumieni njia ambayo mwalimu anatuma na wapokeaji hawaonani. Matokeo ya mtoto yaende kwa mzazi wake tu.

Kuna faili la alama kwenye Google Sheets. Mwalimu anataka mwenzake alijaze, mwenzake hana akaunti, basi anachagua "yeyote mwenye kiungo". Limejazwa, kazi imeisha, kiungo kimebaki wazi. Ndani yake kuna safu ya jina, safu ya alama, na mara nyingi kuna safu ya mwisho iitwayo "maoni". Nyinyi mnajua tunachoandika kwenye maoni. "Ada haijalipwa." "Ana kifafa." "Mama amefariki, afuatiliwe." Hizo ndizo taarifa nyeti kuliko zote shuleni, na ndizo zinazokaa kwenye faili lisilo na mlango. Leo jioni, kabla ya kulala, fungueni mafaili yenu mtazame nani ana ruhusa. Mtashangaa.

Kuna projekta. Mwalimu anaunganisha laptopu yake binafsi, somo ni volkano, na pembeni mwa skrini unashuka ujumbe kutoka kwa mkuu: "Yule binti amerudi kutoka hospitali, tuongee." Darasa zima limesoma kabla mwalimu hajageuka. Dawa yake ni kuzima arifa na kufungua kivinjari chenye dirisha moja tu la somo. Tuifanye mazoea kama kufuta ubao.

Picha. Tunapenda picha, na kurasa za shule zinaishi kwa picha. Nchini Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Shule zilizosikia zilishtuka, nami nafikiri mshtuko ule ulikuwa wa faida. Itazameni picha kama anavyoitazama mtu asiyewatakia mema: nembo ya shule kifuani, jina kwenye daftari, ratiba ukutani inayoonyesha watoto wanatoka saa ngapi. Ongezeni kwamba simu ikiwa imewashwa huduma ya mahali, huandika ndani ya faili la picha saa na sehemu ilipopigwa, na ukiituma kwa barua pepe taarifa hizo husafiri nayo. Picha ya mikono inayopanda mche inaeleza mradi wa shule sawasawa na picha ya sura, na hakuna wa kuitumia vibaya.

Na sasa ameingia mgeni mwingine, akili mnemba (AI), programu unayoiandikia ombi nayo ikakuandikia jibu. Mwalimu ana rundo la insha, amechoka, anachukua insha ya mwanafunzi na jina lake juu, anaongeza na maelezo ya mshauri nasaha kwamba wazazi wametengana na mtoto yuko kwenye dawa, kisha anaandika: nisaidie maoni ya kumtia moyo. Moyo wa mwalimu huyu ni safi. Lakini amechukua jambo ambalo mtoto alimweleza mshauri peke yake, mlango ukiwa umefungwa, akaliweka kwenye seva ya kampuni ambayo, kutegemea akaunti na mipangilio yake, inaweza kuyahifadhi mazungumzo na kuyatumia kufundishia mfumo wake. Sisemi msitumie. Mimi natumia. Nasema jina litoke, shule itoke, hadithi ya familia itoke, na ibaki insha. Maoni yatakuwa mazuri vilevile, kwa sababu mashine haikuhitaji kujua mama yuko wapi ili ione kwamba aya ya pili haina mpangilio. Na hata insha yenyewe muisome kwanza. Watoto huandika mambo ya kwao humo, hasa ukiwapa mada kama "siku nisiyoisahau".

Sheria niliahidi kuzipita haraka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 16, unasema mtoto asiingiliwe faragha yake kiholela. Marekani ina sheria ya kumbukumbu za elimu tangu 1974, na nyingine ya mwaka 1998 kwa watoto walio chini ya miaka 13 mtandaoni. Ndiyo maana programu nyingi zinataja umri huo, na ndiyo maana watoto wetu wamejifunza kudanganya mwaka waliozaliwa. Umoja wa Ulaya una kanuni yake iliyoanza kutumika mwaka 2018. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Maneno yanatofautiana, lakini nyingi kati yake zina masharti haya: kusanya unachohitaji tu, kitumie kwa kazi uliyoisema, usikae nacho kupita haja. Mwalimu anayeyashika hayo hahitaji kukariri namba za vifungu.

Kwenye mikutano kama hii huwa panaulizwa kama ninataka turudi kwenye chaki. Hapana. Mtoto asiyeona vizuri anayesomewa kitabu na simu, mtoto mgonjwa anayefuata somo akiwa kitandani, hao siwezi kuwaambia zana hizi ni adui. Ninachotaka ni tuzichague kama tunavyochagua mtu wa kuwapeleka watoto safari ya masomo: hatumchukui kwa sababu amejitolea bure, tunamuuliza maswali.

Maswali yenyewe si ya kitaalamu. Je, zana hii inafanya kazi bila akaunti ya mwanafunzi? Zipo nyingi ambazo mwalimu hufungua chumba, watoto wakaingia kwa namba ya chumba na jina la kubuni, na kikifungwa kimefungwa. Ikitaka akaunti, inaomba nini zaidi ya kinachohitajika? Inaishi kwa pesa gani, ada au matangazo? Sera yao ya faragha inasemaje kuhusu kufuta akaunti, na kuna anuani ya kuandikia? Andikeni kabla ya kuanza kuitumia. Kampuni isiyojibu barua ya mwalimu anayetaka kuleta wateja haitajibu ya mwalimu anayetaka kufuta.

Kwa wakuu wa shule nina ombi moja, nalo ni zito kuliko linavyoonekana: msimwache kila mwalimu aamue peke yake usiku. Shule iwe na orodha moja ya zana zilizokubaliwa, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuiangalia. Mwalimu akitaka kuongeza, apeleke ombi, ajibiwe ndani ya siku chache. Mkimchelewesha mwezi mzima ataitumia kimyakimya, nami sitamlaumu sana. Mwisho wa mwaka mtu huyo huyo afute akaunti za waliomaliza. Na mtafute njia ya kumhudumia mwanafunzi ambaye mzazi wake amekataa zana fulani: apewe zoezi lilelile kwa karatasi, asitengwe wala kuulizwa maswali mbele ya wenzake. Mpaka njia hiyo iwepo, karatasi zenu za ridhaa ni mapambo.

Kwenu wazazi: ulizeni. Nchini Marekani, mradi ulioitwa inBloom ulianzishwa kwa msaada wa dola milioni 100 ili kuhifadhi data za wanafunzi wa majimbo kadhaa mahali pamoja. Wazazi waliuliza data hizo zitaonwa na nani na kwa nini, jimbo baada ya jimbo likajitoa, na mwaka 2014 mradi ukafungwa. Hawakuwa wataalamu wa kompyuta.

Baada ya mapumziko tutakaa kwa makundi ya masomo. Kila mwalimu aandike zana zote ambazo wanafunzi wake wamejisajili mwaka huu, na mbele ya kila moja aandike inachukua taarifa gani na nani aliiidhinisha. Msiandike jina la mwanafunzi yeyote, hata kwa mfano. Tutaanza na zile ambazo hakuna anayekumbuka nani alizileta.